Boila ya Bibi na Tundu Nyuma ya Picha

(Majina ya watu katika barua hii tumeyabadilisha.)

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaeleza shida yangu naomba usinipigie simu. Namba nimeiandika chini kwa sababu gazeti lenu linasema barua isiyo na namba haisomwi, lakini mimi na simu hatuelewani, nikisikia sauti ya mtu nisiyemjua maneno yananikauka mdomoni, na huko mbele utaona kwamba hiyo nayo ni sehemu ya shida yenyewe.

Nina miaka kumi na tisa, nilimaliza shule mwezi wa tano, na tangu mwanzoni mwa Novemba naishi peke yangu katika nyumba ya bibi yangu Leokadia, mzaa mama, kwenye mji mdogo karibu na Zamość, mashariki mwa Poland. Nyumba hii imefungwa tangu babu alipofariki, majira sita ya baridi yamepita, kwa sababu mjomba wangu Radek alimchukua Bibi akaenda kuishi naye Lublin, ghorofa ya nne, ambako Bibi anasema hata majirani wanasalimiana kama wanaombana msamaha. Siku ya kuondoka mjomba alimwaga maji yote yaliyokuwa kwenye mabomba ili yasigande na kuyapasua, akafunga koki ya gesi, akafunga mlango. Bibi alikubali kila kitu isipokuwa kimoja, alikataa mita ya gesi kutolewa, akasema mita ikishatoka ukutani nyumba itakuwa ya wageni.

Mwaka huu Bibi ametimiza miaka themanini na mmoja na amesema chakula cha mkesha wa Krismasi anataka kukila nyumbani kwake, kwenye meza yake, na baada ya sikukuu hataki kurudi Lublin. Mjomba hakumkatalia, si mtu mbaya, ila aliweka sharti, kwamba nyumba iwe na joto ifikapo tarehe ishirini Desemba, na siku hiyo atakuja mwenyewe kushika kwa mkono vile vyuma vya joto vilivyo chini ya madirisha, na akivikuta vya baridi basi Bibi atakula mkesha Lublin na Januari nyumba itapewa mnunuzi, ambaye tayari ameshakuja kuitazama mara mbili na mara ya pili alipima ukumbi kwa hatua zake. Mama yangu anatunza wazee Ujerumani na hawezi kufika kabla ya sikukuu, kwa hiyo Bibi alinipigia mimi, akasema, "Jagoda, wewe unajua kunyamaza na unajua kufanya kazi. Niwashie nyumba yangu." Nikasema ndiyo. Sijawahi kumwambia Bibi hapana, na sidhani kama najua namna ya kuanza.

Boila, yaani mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupashia nyumba nzima joto, iko jikoni, imetundikwa ukutani kama kabati jeupe, ni ya zamani, ya zile ambazo moto wake unavuta hewa humo humo jikoni na moshi wake unatoka kwa bomba linaloingia kwenye dohani. Nilijua inahitaji fundi. Nilipata namba ya fundi wa gesi mwenye leseni, nikaandika kwenye karatasi yote nitakayosema, nikapiga, akapokea akasema anasikiliza, nikakata. Kesho yake nilipiga tena nikafika mstari wa pili wa karatasi yangu, akaniuliza boila ni ya aina gani, na hilo sikuwa nimeliandika, basi nikakata tena. Najua unacheka, au umekasirika. Mimi ndiye ambaye dukani nikipewa mkate usio wangu naula.

Siku mbili baadaye Bwana Zenon akaja mwenyewe. Bwana Zenon ndiye jirani wa upande wa pili wa uzio, ana miaka sabini na miwili, mke wake alishafariki, na alikuwa rafiki wa babu tangu ujana wao. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha maboila cha kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kilipofungwa. Aliona pazia la jikoni limefunguliwa, akaingia na mfuko wa spana bila kubisha, akavua kofia, akaitazama boila ya Bibi kama mtu anavyomtazama mtoto anayejifanya mgonjwa asiende shule.

"Binti," akasema, "mimi nimelisha maboila ambayo ungeweza kuingiza trekta ndani yake. Hiki ni kibirika cha chai."

Nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu sikulazimika kumpigia mtu yeyote. Alifanya kazi siku mbili, na sitaki umdharau, kwa sababu alifanya kwa uangalifu wa mtu anayejua chuma. Alifungua mfuniko akasafisha vichomeo kwa brashi ya rangi, pampu ilikuwa imekwama akaizungusha kwa bisibisi mpaka ikalegea, akabadilisha mipira miwili ya kuzibia viungo iliyokuwa imekauka kama maganda, akajaza maji polepole huku mimi nikitazama mshale wa presha na kumwambia unapofika, akazunguka chumba hadi chumba kutoa hewa kwenye vyuma vya joto, na kila kiungo cha bomba la gesi alikipaka povu la sabuni na kuangalia kama kinatoa mapovu. Kisha akafungua koki, akabonyeza, akasubiri, ule moto mdogo wa kuwashia ukashika, na baada ya muda boila nzima ikanguruma. Niliweka kiganja changu kwenye chuma cha chini ya dirisha la ukumbini, dirisha analopenda kukaa Bibi, na nilipohisi joto linapanda nikalia kidogo, na Bwana Zenon akajifanya anatafuta spana.

Tangu siku hiyo anakuja kila mchana kuitazama, kwa maneno yake anakuja kumjulia hali mgonjwa, nami nampikia pierogi, vile vimaandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, au supu ya maharage, anakula, ananisimulia babu yangu alivyokuwa kijana, na mimi nasikiliza. Mama kwenye simu aliniambia nimtunze, kwa sababu majirani wengine wote wameshahama na ndiye peke yake atakayekuwa karibu na Bibi.

Sasa shida yangu. Kuanzia siku ya tatu kichwa kikaanza kuniuma, si sana, kama nimevaa kofia inayobana, na kinaniuma nikiwa ndani tu, nikienda dukani kinapona njiani, nikirudi kinarudi. Nilidhani ni vumbi la nyumba iliyofungwa. Kisha nikaona vioo vya jikoni vinalia maji kutwa nzima hata nisipopika. Kisha nikaona moto wa boila, ambao siku ya kwanza ulikuwa wa bluu, una ncha za njano. Na juzi Bwana Zenon alipokuwa anakula aliweka kijiko chini akashika paji la uso, akasema kichwa hicho ni cha presha yake na amesahau vidonge. Nikajua si presha, kwa sababu mimi sina presha.

Kwenye droo ya jikoni kuna kijitabu cha boila ambacho babu alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Nilikisoma chote. Kuna jaribio wanalolieleza, uwashe mshumaa, uuzime, moshi wake uushike penye uwazi ulio chini ya bomba la dohani, na moshi unatakiwa uvutwe uingie juu. Nilifanya hivyo na moshi ukanirudia usoni. Nikafungua dirisha, nikafanya tena, ukasitasita kisha ukaingia. Nikafunga dirisha, ukanirudia usoni. Kijitabu kinasema jikoni lazima kuwe na tundu la hewa karibu na dari, lisizibwe kwa sababu yoyote. Nikatazama kuta zote nne na sikuona tundu, nikaona picha ya Bikira Maria, ile kubwa yenye fremu ya dhahabu, iliyotundikwa juu sana, karibu na dari, mahali ambapo hakuna mtu angetundika picha.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo lakini hadithi hiyo inasimuliwa kila Krismasi, mwaka wa baridi kali Bibi alilalamika upepo unashuka kutoka kwenye lile tundu na kumpiga shingoni akikanda unga, basi babu akapanda ngazi akaliziba kwa vipande vya blanketi na kadibodi, na Bibi akasema ukuta umebaki na sura ya jeraha, wakatundika juu yake picha aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Miaka ile madirisha yalikuwa ya mbao na upepo ulipita kila upande, nadhani boila ilikuwa inapumua kupitia nyufa. Lakini miaka mitatu iliyopita mjomba aliweka madirisha mapya ya plastiki ili nyumba iuzike vizuri, na haya yanafunga kama mfuniko wa chupa.

Jana nilijikaza nikamwambia Bwana Zenon kwamba labda moto una rangi isiyo sawa. Akaniuliza kama nina joto au sina joto. Nikasema ninalo. Akasema, "Basi. Njano na bluu ni rangi za timu za mpira, binti, moto ni moto." Nikasema kwamba nyuma ya picha kuna tundu, na kwamba kijitabu kinasema lisizibwe. Akaitazama picha, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Ngazi niliishika mimi. Babu yako alikuwa juu na mimi nilikuwa chini, na blanketi lilikuwa la kwangu. Sasa unaniambia tulikosea wote wawili, na mmoja hawezi kujitetea?" Nikasema hapana, sikusema hivyo. Akasema kama nataka kumshusha Mama Mtakatifu ukutani kwa Leokadia, nimwambie Leokadia mwenyewe, na akavaa kofia akaondoka na supu hakuimaliza. Leo hajaja.

Ndivyo hali ilivyo. Nikimwita fundi mwenye leseni, kwanza itabidi niongee, na pili naogopa ataitazama boila hii, ataifunga na kuitia alama isiwashwe, na mjomba akija tarehe ishirini atashika chuma cha baridi, na Bibi hatarudi nyumbani kwake tena, na itakuwa ni mimi niliyemfanyia hivyo. Nikiishusha picha bila kumwambia Bibi, atakaloliona kwanza akiingia jikoni ni ukuta mtupu. Nikimwambia, atadhani nasema babu alikuwa mjinga. Na Bwana Zenon nimeshamuumiza. Kwa hiyo nimefikiri niache tu dirisha la jikoni wazi kiasi cha vidole viwili, nisimwambie mtu yeyote, sikukuu ipite kwa amani, Bibi awe ameshakaa kwenye kiti chake, ndipo mwezi wa kwanza nitafute namna. Mshauri, je, vidole viwili vinatosha? Au nifanyeje ili nisimpoteze mtu?

Mimi,
Anayenyamaza, karibu na Zamość

MAMA TEOFILA ANAJIBU

Binti yangu, uliniomba nisikupigie simu na nilikupigia. Barua yako ilifika Jumatatu, gazeti linatoka Ijumaa, na mimi sikuwa tayari kukujibu Ijumaa ukiwa huwezi tena kusoma. Ulikata mara mbili. Mara ya tatu ulipokea, na nataka wasomaji wajue kwamba uliongea vizuri tu.

Nitarudia hapa niliyokwambia, kwa sababu najua kuna majiko mengine mengi yenye tundu lililozibwa, kwa picha, kwa kalenda, kwa soksi kuukuu. Funga koki ya gesi. Fungua madirisha yote. Toka nje, nenda kwa jirani yako, mwambie naye ana sumu ileile kichwani, na muende wote wawili kwa daktari siku hiyo hiyo. Mlikwenda. Daktari aliwapima damu, akawabakiza pale mkivuta hewa safi ya mashine mpaka jioni, na alikwambia ulikuwa umebakiza siku chache tu kabla hujalala usiamke. Hewa inayotoka kwenye moto usiopumua ni sumu, na haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na hajui kwamba anasinzia.

Sasa nikugombeze kidogo. Vidole viwili havitoshi. Na hata vingetosha, Bibi yako mwenye miaka themanini na mmoja angelifunga dirisha hilo dakika kumi baada ya kuingia, kwa sababu ni Desemba na yeye ni bibi. Wewe ulisoma kijitabu, ulifanya jaribio la moshi, uliigundua siri ya ukuta ambayo watu wazima wawili waliishi nayo miaka, kisha ukataka kuyafukia yote hayo chini ya kitambaa cha meza ili mtu asikasirike. Akili unayo. Ulichotaka kufanya nayo ndicho kilichonitia hasira.

Nimemuuliza msafisha dohani na fundi wa gesi ninaowaamini, na wote wawili wameniambia mpangilio ni huu. Msafisha dohani anakuja kwanza, kwa sababu dohani iliyokaa bila moto majira sita huwa imeshapata wapangaji kunguru, na kiota kimoja kinatosha kuurudisha moshi wote jikoni. Atapanda, atasafisha, atapima mvuto wa dohani na wa lile tundu, na atakuandikia karatasi yenye sahihi. Hapo ndipo fundi wa gesi anaingia. Povu la sabuni ni jambo zuri na Bwana Zenon alifanya vema kulitumia, lakini bomba lililokaa miaka sita linapimwa kwa presha, na boila inafunguliwa mpaka ndani, masizi yanatolewa, mipira inabadilishwa kwa ile inayostahili, kile kitangi kinachopokea maji yanapotanuka kinaangaliwa, na mwisho moshi wake unapimwa kwa kifaa, si kwa jicho, naye atakuandikia karatasi yake. Madirisha ya mjomba wako yatobolewe na kuwekewa vipitisha hewa, maana tundu la juu linatoa tu, na lazima kuwe na pa kuingilia. Nunua ving'ora viwili vya hewa ya sumu, kimoja cha jikoni na kimoja cha chumba atakacholala Bibi. King'ora kikilia mnatoka nje kwanza, maswali mtaulizana huko huko. Mpaka karatasi zote mbili ziwe mkononi mwako, koki hiyo haifunguliwi na mtu, hata awe amelisha maboila ya kiwanda kizima.

Unaogopa kuongea nao. Andika karatasi kama ulivyoandika, na mstari wa kwanza uwe: boila ya zamani inayovuta hewa ya ndani, haikutumika miaka sita, iliwashwa, tukaumwa vichwa. Wakiuliza jambo usilolijua, sema sijui. Ni jibu halali, na fundi mzuri halichoki.

Huenda fundi akaikataa boila. Inawezekana, na akiikataa hujamfukuza Bibi yako, umemwokoa. Mpigie mjomba leo, usingoje tarehe ishirini, umweleze yote, madirisha yakiwemo. Yeye aliweka sharti nyumba iwe na joto, hakusema joto litoke wapi. Mwambie alete vipasha joto viwili vya umeme, kila kimoja kichomekwe kwenye soketi yake ukutani, pashieni ukumbi na chumba kimoja, na mjomba ashike anachotaka kushika. Mtu anayempenda mama yake hataiuza nyumba kwa sababu mpwa wake alikataa kumuua bibi yake kwa moshi. Na akitaka kuiuza hata hivyo, mtakuwa na Bibi aliye hai wa kubishana naye, na kwa nilivyosoma, huyo bibi anajua kubishana.

Kuhusu picha, usiiguse. Mpigie Bibi, mwambie tundu lazima lifunguliwe, kisha muulize swali moja, angependa Bikira Maria akae ukuta gani. Usimweleze kuhusu makosa ya babu. Babu hakuwa mjinga. Aliziba upepo katika nyumba iliyokuwa na upepo wa kutosha, na hakuwa hai madirisha yalipobadilishwa. Bibi akishachagua ukuta, atakuwa ametoa amri, na watu hawanuni kwa amri walizotoa wenyewe.

Amebaki Bwana Zenon. Ulidhani umemuumiza kwa kusema, lakini kilichomuumiza ni kusikia jina la rafiki yake likitajwa pamoja na kosa, na mwenzake hayupo wa kusaidiana naye kulibeba. Mwambie hivi, na usiongeze: "Bwana Zenon, wewe uliishika ngazi siku ile. Naomba uishike tena, msafisha dohani anakuja." Kisha nyamaza. Atanung'unika, atakwambia kuhusu kiwanda cha sukari, atasema vijana wa siku hizi wanaogopa hata kibirika. Mwache. Kunyamaza unakujua, na hapo ndipo kunapofaa. Blanketi ni lake, basi na alitoe yeye.

Na siku ya mkesha, meza ikiwa imeandaliwa na moto wa boila unawaka, kabla mtu hajakaa, kata kipande chembamba cha gazeti hili, kifunge kwenye ncha ya mpini wa fagio, umpe Bibi. Funga milango na madirisha kama mtakavyoyafunga mkila. Bibi asimame chini ya tundu, ainue fagio. Karatasi ikivutwa na kunata kwenye wavu wa tundu, kaeni mezani mle. Ikining'inia au ikasukumwa kurudi jikoni, funga koki, fungua madirisha, vaeni makoti, bebeni supu na pierogi, mkabishe hodi kwa Bwana Zenon, mle huko.